Get siyo "pata" tu: jibu kwa dada wa mapokezi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli huku Dubai, nina miezi minne tu. Kiingereza nimesoma tangu form one mpaka diploma na mitihani nilifaulu, ila hapa naona kama sijui kitu. Juzi bosi wa shifti ya asubuhi kaniachia meseji: 'Hi, I didn't get to the leak in 304. Can you get the plumber to look at it before you get off? Let me know how you get on.' Nimeisoma mara tano. Mi najua get ni kupata. Nikaelewa kuna kitu hakukipata 304 na mimi nimpate fundi bomba, basi nikampigia, nikampata, nikamwambia kuna maji yanavuja 304, akasema sawa, nikajua nimemaliza. Hapo kwenye get off na get on nikafikiri anaongelea basi la wafanyakazi, maana najua get on ni kupanda na get off ni kushuka. Fundi hakuja usiku ule na asubuhi maji yamefika korido. Sikufukuzwa ila nililia sana. Sasa mwenzangu mmoja ananiambia nikariri maana zote za get, eti ziko zaidi ya mia, mwingine anasema get ni Kiingereza cha mtaani niachane nayo nitumie obtain na receive. Nifanye nini? Na hii gotten ninayoisikia kwa wageni Wamarekani ni Kiingereza kweli?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hayo maji. Hiyo meseji ina sentensi tatu fupi na ndani yake kuna get nne, na katika hizo nne hakuna hata moja ambayo ukiitafsiri "pata" utafika alikokuwa anaenda bosi wako. Kwa hiyo usijione mjinga. Ulipewa maana moja darasani, ukaishika kwa uaminifu, na siku ya kazi ikakuangusha. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, baadaye nikahamia kufundisha watu wazima wanaojiandaa kwenda kufanya kazi mahotelini na nje, na kwa niliowaona mimi mtu mwenye cheti kizuri haangushwi na maneno magumu wiki ya kwanza kazini, maneno magumu anayajua, anaangushwa na get, take, put, set, run, haya maneno ya herufi tatu nne ambayo hakuna mwalimu aliyeyatungia mtihani.

Kabla sijaeleza, naomba tuondoe wazo moja ambalo naliona limejificha kwenye swali lako na ambalo nalisikia kila siku, kwamba Kiingereza ni lugha ya ovyo, neno moja maana mia, wakati Kiswahili chetu kimenyooka. Hebu chukua hiyo hiyo "pata" uitazame kama vile wewe ni mgeni. Nimepata kazi. Nimepata homa, wakati homa hakuna aliyeitafuta. Hujui yaliyompata yule mama. Kesho kuna kupatwa kwa jua. Kisu hiki hakipati, kinoe kwanza. Yapata saa nne usiku. Nilipata kuishi Tanga zamani. Unanipata? Nakupata vizuri, endelea. Wale ndugu hawapatani. Sasa mwambie Mmarekani aliyeshika kamusi kwamba pata ni get tu, alafu umpe "kisu hakipati" uone atakavyohangaika. Na hapo hatujagusa kupiga, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Hatujagusa kukata, unakata tiketi, unakata rufaa, unakata tamaa, unakata kiu, umekata simu. Wewe hukukaa chini kukariri hata kimoja katika hivyo, uliviokota nyumbani ukiwa mtoto, kila kimoja na sentensi yake. Lugha zote nilizowahi kuzigusa zina vitenzi vichache vinavyobebeshwa mizigo ya wengine. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, iliipa set peke yake maana zaidi ya 400, na hakuna Mwingereza anayezijua kwa hesabu.

Sasa tuje kwenye yenyewe. Namna ninavyowafundisha watu get haiko kwenye kitabu cha shule, nimeipata kwa kuona wanafunzi wangu wanakwama wapi, na inaanzia kwenye Kiswahili chako. Andika kwenye karatasi maneno matatu: nina, ni, niko. Nina kazi. Ni mgonjwa. Niko nyumbani. Kwa Kiingereza, I have a job, I am sick, I am at home. Hizo zote ni hali zilizotulia, hakuna kinachosogea. Sasa jiulize, kabla ya hapo ilikuwaje? Kabla ya kuwa na kazi hukuwa nayo, kabla ya kuumwa ulikuwa mzima, kabla ya kuwa nyumbani ulikuwa njiani. Ile hatua ya kuvuka, kutoka kutokuwa kwenda kuwa, ndo get. I got a job. I got sick. I got home. Ni ile ile moja inaingia kwenye nyumba tatu tofauti, ya kuwa na kitu, ya kuwa hivi au vile, na ya kuwa mahali. Ukiiona get mbele yake kuna kitu, fikiria nina. Mbele yake kuna sifa kama tired, wet, angry, ready, fikiria ni. Mbele yake kuna mahali au hivi vineno vidogo vya mwelekeo, in, out, up, off, to, fikiria niko. Shuleni tulifundishwa ile nyumba ya kwanza tu, ndo maana tunaita pata.

Hiyo ya pili, ya sifa, inatusumbua waswahili kwa sababu nzuri kabisa, na mimi ilinichukua muda kuigundua. Sisi hatuna haja ya get hapo maana hatua ya kuvuka tumeshaiweka ndani ya kitenzi chenyewe. Kuchoka, kulewa, kulowa, kuzeeka, kunenepa, kupotea, kukasirika, kuchelewa, vyote hivyo ni kuvuka. Ukisema "nimechoka" umesema kwa mpigo mmoja kwamba umevuka na kwamba sasa hivi ndo uko hivyo. Mwingereza hana kitenzi kama hicho kwa mengi ya hayo, anachukua sifa anaitangulizia get: get tired, get drunk, get wet, get old, get fat, get lost, get angry. Alafu akishavuka anabadilisha, anasema I am tired. Kwa hiyo "nimechoka" ni I'm tired, ila "naanza kuchoka" ni I'm getting tired, na "huwa nachoka haraka" ni I get tired quickly.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameanza kazi kwenye kampuni ya watalii akamwandikia meneja, "I am married on Saturday, please I need leave." Meneja akamjibu hongera, sasa ruhusa ya nini tena? Yeye alikuwa anataka kusema naolewa Jumamosi. Angeandika I'm getting married on Saturday. Unaona tatizo lilipo? Sisi "nimeolewa" inabeba vyote, siku ile ya harusi na miaka yote inayofuata, Kiingereza kinavitenganisha, got married ni siku ya shughuli, am married ni maisha baada ya hapo. Hata kupotea ni hivyo hivyo, mgeni akikupigia anasema I'm lost ujue mpaka sa hivi hajui alipo, akisema I got lost kuna uwezekano mkubwa ameshafika anakueleza tu kwa nini amechelewa.

Kwenye nyumba hiyo hiyo kuna jambo litakusaidia hapo mapokezi. Mgeni anaweza kukwambia my phone got stolen, au my room got flooded. Hiyo ni kama sisi tunavyosema simu imeibiwa, chumba kimejaa maji, ila ina ladha ya yaliyompata mtu, mara nyingi jambo baya na la ghafla, ingawa mazuri nayo yapo, we got paid, she got promoted. Kwa mdomo itumie bila wasiwasi. Ukikaa kuandika ripoti ya tukio andika was stolen, was flooded, hapo rasmi inapendeza zaidi.

Tuje kwa fundi bomba, maana hapo ndo maji yalipopitia. "Can you get the plumber to look at it." Hapa anayevuka siyo wewe, wewe unasukuma, anayevuka ni fundi, kutoka hajaangalia kuja ameangalia. Ukiona get, alafu mtu, alafu to na kitenzi, maana yake ni kumfanya mtu afanye, kumshawishi, kuhakikisha amefanya. Bosi wako hakukuomba umpate fundi, alikuomba matokeo, fundi awe amelitazama lile bomba. Na ile to usiiache: get him to look, lakini have him look na make him look hazina to. Kwa uzito, make ina shuruti ndani yake, have ni ya bosi anayetoa maelekezo na anajua yatafuatwa, get ina jasho kidogo, unajua huyo mtu anaweza kuwa mbishi au ana kazi nyingine, wewe mfuatilie mpaka afanye. Kwa usiku ule, na fundi aliyejibu "sawa" tu, ilitakiwa umuulize anapanda 304 saa ngapi.

Dada yake huyo ni get kitu kikifanywa: get it fixed, get my hair cut, get the car washed. Hapa mtendaji hatajwi, kinachotakiwa ni kitu kiwe kimefanyika. Kiswahili kinatudanganya hapa bila sisi kujua. Tunasema "jana nimenyoa" wakati kinyozi ndo amenyoa, tunasema "nimetengeneza gari" wakati tulikaa kwenye benchi gereji tunakunywa soda. Ukimwambia mzungu I cut my hair yesterday atakutazama kichwa akifikiri ulishika mkasi mwenyewe mbele ya kioo. Sema I got my hair cut. Na mgeni akikuuliza can I get this ironed, hakuombi pasi, anataka nguo imrudie imenyooka, maana siku nyingine nimewahi kusikia mtu akapelekewa pasi chumbani na mgeni akaipokea kwa mshangao mkubwa.

Nyumba ya tatu, ya mahali, inaanza na get to. I got to the airport at six, nilifika. Home, here na there hazitaki to, unasema get home, get here, siyo get to home. Na nikiwa hapo niseme hili, sisi tunapenda "I have reached", ukiwa na wenzako Wahindi hapo Dubai wanaelewa vizuri sana maana na wao wanasema hivyo hivyo, wala usiione aibu, ila kwa Mwingereza au Mmarekani sikio lake linasubiri useme umefika wapi, mpe I'm here au I got here ten minutes ago.

Kutoka kufika mahali get to imeenda kufikia jambo, na hiyo ndo ya kwanza kwenye meseji yako. I didn't get to the leak, kwamba siku iliisha kabla hajalifikia hilo la bomba. I'll get to it, nitalifikia, vuta subira. Ikikutana na mtu inakuwa kumfikia moyoni kwa ubaya, this job is getting to me, kazi hii inanielemea, na mwenzako akikwambia don't let him get to you anakuambia usikubali maneno yake yakuumize. Ikikutana na kitenzi inakuwa kupata nafasi, na hapa furahi kwa sababu Kiswahili kinayo kabisa: I got to see my mother, nilipata kumwona mama. Lakini weka have mbele mambo yanageuka, I've got to see my mother, ni lazima nimwone mama. Moja ni bahati, nyingine ni wajibu, na tofauti kati yao kwenye mdomo wa mtu anayeongea haraka ni kasauti kamoja ka v ambako mara nyingi hakasikiki, wengine hawakatamki kabisa. Unasikia "I gotta go". Hapo sikiliza mazingira: aliyerudi likizo anasimulia ni nilipata, anayetazama saa yake na kubeba begi ni lazima niende.

Sasa off na on. Ulichokijua ni sahihi, kupanda na kushuka, ila kwa basi, treni, ndege, meli, pikipiki na farasi. Gari dogo na teksi ni get in na get out of. Mimi huwaambia watu, chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia kwa juu kama bodaboda, ni on na off, kile unachoinama kujiingiza ni in na out. Bosi wako hakutaja chombo chochote, alisema before you get off, na mtu wa shifti akiambiwa get off bila basi wala ngazi, anachoshuka ni kazi, kama sisi tunavyosema "unatoka saa ngapi?" bila kutaja unatoka wapi. What time do you get off? Na how you get on, kusonga mbele, mambo yalikwendaje. Hiyo ya mwisho Waingereza wanaipenda sana. How did you get on at the interview? Na kwao get on with mtu ni kuelewana naye, Wamarekani wanapendelea get along.

Nyingine sitazipanga zote, nikupe za mezani kwako tu. What time do you get in, mgeni anawasili saa ngapi. I couldn't get through, nilipiga simu haikuingia. I'll get back to you, nitakupa jibu baadaye, na ukimwambia mgeni hivyo basi mpe jibu kweli. Simu ikilia mwenzako akasema I'll get it, anaipokea yeye, usiigombanie. Mgeni akikuambia I don't get it, hajaelewa, na hapa "nakupata" yetu inakaa vizuri kabisa. Na ile can I get you some water, wanafunzi wangu wengi wanaiogopa wakidhani ni "naweza kukupata maji", maana yake nikuletee maji? Get hapo ni kwenda, kuchukua na kurudi nacho. Itumie, ni ya ukarimu na wageni wanaipenda.

Umeuliza pia bila kuuliza, kwa nini hawa watu walifanya hivi. Get hawakuzaliwa nayo. Ilikuja na Waviking kutoka Denmark na Norway, waliovamia kisiwa cha Lindisfarne mwaka 793 na baadaye wakahamia na kuoa upande wa kaskazini na mashariki ya Uingereza. Neno lao lilikuwa geta, kupata, kuzaa, na kukisia pia. Waingereza wa kale walikuwa na ndugu yake wa damu ila ndani ya maneno marefu tu, ndo hizi forget na beget za leo. Wageni walileta pia take, they, sky, window na egg. Hiyo egg ina kisa napenda kuwasimulia watu waliolia kama wewe. William Caxton, mtu wa kwanza kuchapisha vitabu Uingereza, aliandika mwaka 1490 kuhusu wafanyabiashara waliokwama mtoni Thames, mmoja akaenda nyumba moja kuomba "egges", yule mama akamjibu mimi sijui Kifaransa. Jamaa akakasirika, hata yeye hakijui Kifaransa, alitaka tu mayai, ila kwa yule mama mayai ni "eyren". Ikabidi mwingine aje kumtafsiria. Waingereza wawili, nchi yao, na mayai yakawashinda.

Sasa ushauri wa wenzako. Wa kwanza anataka ukariri mia. Usifanye, nimeona watu wamejaza daftari zima wakaja kushindwa hata kujibu "did you get that?" kwa sababu kichwa kinapekua orodha wakati mgeni anasubiri. Wa pili ana nusu ya ukweli. Barua ya kazi, ripoti, barua pepe kwa mkurugenzi, hapo receive na obtain na become zinakaa vizuri na mimi nazitumia. Ila get siyo ya mtaani, madaktari na majaji wanaitumia wakiongea, na ukiikimbia mdomoni utaonekana umevaa suti ufukweni. Can I obtain you a taxi siyo Kiingereza. Alafu hata wewe ukiiacha wao hawaiachi, bado utatakiwa kuielewa.

Programu za kutafsiri kwenye simu sizikatai, ila zipe sentensi nzima, tena meseji yote, ukiipa neno moja get itakurudisha pale pale kwenye "pata". Ninachokuomba ni daftari dogo. Kila siku andika sentensi moja au mbili za get ulizozisikia kweli, nzima kama zilivyotoka, na aliyesema alikuwa anafanya nini, alafu chini andika ungesemaje wewe kwa mama yako kwa Kiswahili, usitafsiri neno kwa neno. Zisome kwa sauti. Na sikio lifundishe pia, kwa Mmarekani ile t inalainika mpaka inakaribia r yetu, get up inakuwa "gerap", get it "gerit", get out of "gerautav", na vijana wengi wa Kiingereza wanaimeza kabisa unasikia "ge'" kama pumzi imekatwa. Inawezekana kuna get nyingi unazijua kwenye karatasi ila zinakupita kila siku masikioni.

Na la muhimu kuliko daftari, jifunze kuuliza tena bila kutumia neno lililokukwaza. "Just to check, you'd like the plumber to see 304 before my shift ends?" Bosi mzuri haoni ujinga hapo, anaona mtu makini, na kama umekosea anakurekebisha kabla maji hayajafika korido. Mimi mpaka leo nafanya hivyo.

Kuna mahali sitaki ukisie hata kidogo wala usitegemee jibu la mtu wa mbali kama mimi: karatasi ya mkataba, mshahara, dawa, na maelekezo ya usalama kama moto au umeme. Hapo kaa na mtu ana kwa ana akusomee mstari kwa mstari kabla hujasaini au hujagusa. Kama baada ya miezi mitatu minne ya kujaribu bado unaelewa maandishi ila maneno ya mdomo yanakupotea, tafuta mwalimu wa kukaa naye chumba kimoja akusikilize, maana mimi kwa maandishi sisikii unachosikia. Na kama hata Kiswahili kwenye simu kinakupotea siku hizi, nenda kapime masikio, usilaumu Kiingereza. Ile ya kulia nayo, ikiendelea na usingizi ukawa hauji, zungumza na mtu wa karibu hapo hapo au muone daktari, ugeni peke yake ni mzito.

Gotten ni Kiingereza halali. Zamani Waingereza wenyewe walikuwa nayo, baadaye wengi wao wakaiacha wakabaki na got, Wamarekani wakaitunza, na mabaki yake Uingereza bado yapo kwenye forgotten na ill-gotten, mali ya haramu. Mmarekani anatofautisha vizuri, I've got a ticket, ninayo mkononi, I've gotten a ticket, nimefanikiwa kuipata, It's gotten cold, baridi imeingia. Wewe shika got, itaeleweka kote, na gotten uipokee tu ukiisikia.

Siku nyingine bosi akikuachia meseji kama ile, mjibu hivi kabla hujatoka: "Hi, I got the plumber to look at 304. He got it fixed around nine, so I'm getting off now." Na akikurudishia get nyingine usiyoielewa, niletee sentensi nzima na uniambie alikuwa anafanya nini alipoiandika.